Fungu la Tussa

Tangu Januari nyumba ya Torfinn ilikuwa imetandikwa mazulia kila mahali, sebuleni, jikoni, mpaka mlangoni pa choo, utadhani wanasubiri harusi. Hakukuwa na harusi yoyote. Kulikuwa na Tussa, jike la kijivu mwenye mkia wa kujikunja mgongoni, mbwa wa kuwindia elgi, wale kulungu wa kaskazini wakubwa kama farasi, umri miaka tisa, nyonga zote mbili zimekwisha. Akikanyaga mbao tupu miguu ya nyuma ilimtawanyika, akabaki ameketi pale pale, anamtazama Torfinn kwa aibu. Naam, mbwa ana aibu. Asiyefuga hawezi kujua.

Daktari Ingunn, anayetibu wanyama wa bonde zima la Rendalen, aliwaonyesha Torfinn na mkewe picha ya mifupa. Mfupa wa paja ulitakiwa ukae ndani ya kikombe chake, lakini kikombe cha Tussa kilikuwa na kina kifupi kama kisahani, mfupa ukicheza humo na kusagika. Akatoa masharti. Apungue kilo tatu. Matembezi mafupi, tena kwa kamba. Asipande ngazi wala kuruka garini, abebwe. Na kidonge kimoja kila asubuhi pamoja na chakula.

"Hiki kidonge kinaficha maumivu tu," alisema. "Hakitengenezi mfupa. Mkimwona anarukaruka, msidanganyike."

Solbjørg, mke wa Torfinn, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Yeye mwenyewe alikuwa na nyonga ya chuma tangu mwaka juzi, na kabla ya kuipata alimeza vidonge vyake, akaserebuka kwenye harusi ya mpwa wake, kisha akalala kitandani wiki tatu. Ndiye aliyetandika mazulia. Ndiye aliyepima chakula cha mbwa kwa mizani na kumzoesha karoti badala ya soseji.

Na kweli Tussa alipata nafuu. Kufikia Agosti alikuwa anakwenda mpaka mtoni, anaogelea kidogo, anarudi mkia juu. Torfinn akaanza kupiga miluzi ndani ya nyumba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtu akishafurahi haambiliki.

Wiki moja kabla ya tarehe ishirini na tano Septemba, siku ambayo msimu wa elgi hufunguliwa na ambayo bonde lile linaiheshimu kuliko Krismasi, alikuja Arnulf, kiongozi wa kikosi chao cha wawindaji. Alikunywa kahawa vikombe viwili ndipo akasema kilichomleta.

"Mbwa wa mwenzetu Kjetil amezaa. Mwaka huu hatuna mbwa mwenye cheti, isipokuwa huyu."

Na sheria ya kule haichezewi. Kikosi kisicho na mbwa mwenye cheti cha kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa hakifyatui hata risasi moja.

"Huyu ni mgonjwa," alisema Solbjørg.

"Mgonjwa gani, mama? Amekuja kunipokea getini mbio."

"Kilichokupokea ni kidonge."

Arnulf akacheka. "Sisi tunataka cheti chake tu. Atakaa garini kama malkia. Torfinn, watu kumi na mmoja wanakusubiri wewe, bwana."

Miaka arobaini Torfinn hajawahi kukosa siku ya kwanza. Alimtazama Tussa, na Solbjørg akajua mumewe ameshakwenda.

"Ukimshusha kwenye hilo gari, usinirudie na maneno," alimwambia.

"Hatashuka."

Siku yenyewe, saa sita mchana, mlio wa bunduki ukasikika upande wa kinamasi, kisha sauti ya Arnulf kwenye redio. Elgi amepigwa vibaya, amekimbia na risasi tumboni. "Mlete mbwa."

Sasa angefanya nini? Huwezi kumwacha mnyama akafia msituni kwa mateso. Hilo hata Solbjørg asingelikubali. Torfinn alimshusha Tussa kwa mikono miwili, taratibu, kama daktari alivyoagiza, na akajiona mtu makini sana.

Tussa akatia pua kwenye damu na kusahau umri wake. Alivuta kamba akapita majani, akapita maji, akapita magogo. Baada ya nusu saa mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Baadaye akawa anaruka kwa miguu yote miwili ya nyuma pamoja, kama sungura. Torfinn aliona. Aliona vizuri kabisa, na kamba ilikuwa mkononi mwake. "Kidogo tu, mama," alimwambia. "Tumekaribia."

Mbwa wa aina ile halii. Aliruka mtaro, akatua ng'ambo, na pale pale akaketi, vile vile alivyoketi nyumbani kwenye mbao. Akajaribu kujikokota kwa miguu ya mbele. Pua yake bado ilielekea kwenye misonobari.

"Yuko kwenye misonobari, kaskazini ya mtaro," Torfinn alisema redioni. "Nendeni. Mimi namrudisha."

Alimbeba ndani ya koti lake saa nzima, kilo ishirini na mbili, akimwomba radhi njia yote.

Kwa daktari, Solbjørg alifika kabla picha hazijatoka. Nyonga ya kushoto ilikuwa imechomoka, na goti la kulia kano lake limekatika.

"Hana mguu wa kusimamia," alisema Ingunn. "Nikitaka kumtengeneza, sina pa kuanzia. Leo alipewa kidonge?"

Torfinn alitazama sakafu. "Viwili."

Solbjørg alishika meza, akajishusha chini na nyonga yake ya chuma mpaka akafika sakafuni, akakipakata kichwa cha Tussa. Alikaa hivyo mpaka sindano ya kumpumzisha ilipomaliza kazi yake. Njiani kurudi aliendesha yeye.

Asubuhi yake Arnulf akabisha hodi, mfuko mkononi, uso umechangamka.

"Tumempata pale pale alipotuelekeza! Hatua hamsini tu kutoka mtaroni. Nimeleta fungu lake." Kwao moyo wa elgi ni wa mbwa aliyempata, na hakuna mwindaji anayeugusa. "Yuko wapi mgonjwa wenu?"

"Torfinn," Solbjørg aliita, "mgeni wako." Akaenda zake jikoni.

Torfinn akamweleza pale mlangoni, kwa maneno machache. Arnulf akavua kofia, akakabidhi mfuko na kuondoka.

Torfinn alipita juu ya mazulia, akauweka moyo kwenye ubao, akachukua kisu. Akaanza kuukata vipande vidogo, kwa kuwa Tussa magego yake yalikuwa mabovu.

"Unamkatia nani?" aliuliza Solbjørg.

Torfinn hakuacha kukata. Alikata mpaka moyo ukaisha.