Sungura wa Kabiria

"Mshike miguu, Joash. Asigeuke."

Joash alimlaza sungura mweupe chali mezani, kifua kimenyolewa na kupakwa jeli baridi. Daktari Wamucii akaweka kichwa cha mashine ya picha hapo, na moyo ukatokea kwenye kioo, mdogo, ukipigapiga.

"Wiki jana ukuta huu ulikuwa umelala kama ugali uliopoa," alisema. "Sasa tazama unavyosukuma. Dawa imeshika."

Kweli moyo ulikuwa mzima, na ulikuwa mzima tangu mnyama huyu azaliwe. Sungura aliyedungwa sumu ya moyo, akawa wa kwanza kuionja dawa mpya, alikufa Jumapili zamu ikiwa ya Joash. Na Joash alikuwa ameshaonywa: mwingine akikufia, shika njia ya nyumbani. Basi akamtupa kwenye tanuri la taka, akapita kwa jirani yake kule mtaani Kabiria, akaleta mweupe mwingine. Nani angejua? Sungura ni sungura.

"Sasa utaniacha nipumue," daktari alisema akipangusa jeli. "Kila siku Lornah, Lornah. Nimemwita, yuko chumba cha pili. Lakini ukimwambia mtu hapa Upper Hill, sisi wote tumefutwa."

Moyo wa Lornah, mkewe Joash, ulikuwa umechoka tangu ajifungue Maxwell. Ni Joash aliyembembeleza daktari ampe dawa hii kabla haijaruhusiwa kwa watu.

"Mrudishe huyo," daktari alisema, akatoka kuelekea chumba cha pili.

Angesema hapo hapo. Badala yake alimbeba sungura hadi kizimbani, akafunga, akasimama akiifikiria kazi yake. Kisha akakimbia.

Lornah alikuwa ameketi, kikombe cha maji mkononi, kitupu; dawa alikuwa ameshaimeza.

Joash akamvuta daktari mlangoni. "Yule sungura si wetu," alinong'ona. "Wetu alikufa."

Daktari Wamucii hakupandisha sauti. "Alikufaje?"

"Alikuwa sawa tu. Jioni alikula kuliko siku zote. Asubuhi nikamkuta amelala ubavu, amekauka."

Daktari akageuka polepole. "Mama Maxwell, unajisikiaje?"

"Niko sawa, daktari." Lornah alitabasamu. "Hata njaa imenishika. Baba Maxwell, hapa kwenu hakuna kitu cha kula?"