Pembe Aliyoachiwa Verdiana

Verdiana alisimama uani, Luz, mtoto wa mabosi wake, mgongoni, akiutafuta mwezi juu ya vilima vya Matongo. Hakuwa Mwislamu wala hakufunga hata siku moja, lakini jioni ile hakuna mfungaji aliyeutamani mwezi kuliko yeye. Mawingu yalikuwa yametanda.

Mwezi ukiandama, kesho Ijumaa ni Idi: mabosi wake hawaendi mgodini, naye anakwenda Ringwani kumwekea marehemu mama yake msalaba. Usipoandama, anabaki na mtoto. Padri alikuwa na Ijumaa hiyo moja tu, na kaka yake Filemoni alishanunua saruji.

Mabosi hao, Marisol na mumewe Esteban, walitoka Peru. Krismasi na Pasaka walizijua tangu utotoni. Idi ndiyo iliyowashangaza. "Sikukuu gani hii haijui tarehe yake?" Marisol aliuliza wiki nzima, kwa Kiswahili chake cha kujikongoja. Alikuwa amemwahidi Verdiana ruhusa siku hiyo. Ya nini, Verdiana hakusema. Msichana aliyemtangulia aliwaua kwa mdomo shangazi zake wote ili apewe ruhusa, na Verdiana aliona aibu kumtaja marehemu wa kweli katika nyumba ile.

Giza lilipoingia, Mzee Sefu, mlinzi wa getini, aliiacha redio yake akamfuata.

"Haujaonekana, binti yangu. Tunatimiza thelathini."

"Hata Tanga, mzee? Hata Mombasa?"

"Hata huko."

Ndani, Marisol alimpa pole. "Kesho kazi. Utaenda Jumamosi, sawa?"

"Sawa, mama."

Ulimi hauna mfupa, husema watu. Wa Verdiana usiku ule ulikuwa nao.

Ijumaa alifua nguo zilizokuwa safi. Mchana simu ikaita.

"Uko wapi? Padri amefika," alisema Filemoni.

"Siji, kaka. Mwezi haujaonekana."

"Sisi tumekuwa Waislamu lini, Vedi?"

Marisol aliporudi alimkuta ameketi sakafuni jikoni, Luz akimfuta machozi kwa kitambaa cha vyombo. Ndipo Verdiana akasema yote.

"Kwa nini hukuniambia?"

Marisol aliketi kando yake, palepale sakafuni. Mama yake naye alizikwa Peru mwaka jana, akasema, na yeye aliyaona mazishi kwenye simu, akiwa jikoni humu humu.

Jumamosi, Mzee Sefu akielekea kuswali na kanzu yake iliyonyooshwa, gari la Waperu, Verdiana akiwa ndani, lilimpita wakamtakia Idi njema.

Ringwani, msalaba ulikuwa umekwisha simama. Kaburi lilikuwa limesakafiwa lote na kukauka, isipokuwa pembe moja upande wa miguuni. Hapo palikuwa na udongo mtupu, na kando yake mwiko na ndoo ya mchanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Padri alibariki kaburi zima," Filemoni alisema bila kumtazama. "Hapo nilikuachia wewe."

Verdiana alikoroga saruji, akapiga magoti, akasakafia polepole huku akilia waziwazi. Alipomaliza, Luz alimponyoka mama yake, akachutama, akakandamiza kiganja chake kwenye saruji mbichi.

"Luz!" Marisol alishtuka.

Filemoni aliinua mwiko apalainishe. Verdiana akamshika mkono.

"Paache, kaka."

Basi wakasimama pale wote, wageni kwa wenyeji, wakingoja jua liikaushe saruji.