Pindo la Mto

Tangu Jumamosi asubuhi familia ilipofika kijijini, kila mtu alikuwa akimhimiza Sulochana apumzike. Mwanawe Mihir alimwekea kiti barazani. Wifi yake Vatsala alimletea chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini. Sulochana si mtoto. Alijua wazi kwamba alikuwa akiambiwa: kaa hapo hapo, usiteremke mtoni.

Mto Krishna ulikuwa umefurika kwa mvua za Agosti. Ukifurika hivyo, wanawake huujazia pindo kama wanavyomjazia mjamzito pindo la sari yake kumtakia heri: nazi, mchele, kitambaa cha kijani, bangili za kijani. Wakimaliza, Vatsala angemjazia pindo Ketaki, mke wa Mihir, mwenye mimba ya miezi saba. Mjane hagusi vitu hivyo. Mkono wake una nuksi, wanasema, na Sulochana alifiwa na mumewe mwaka jana.

Aliwatazama Vatsala, Ketaki na Mihir wakishuka ngazi za mawe kwenda mtoni na sinia lao, akaiweka chai chini. Yule mtoto angekuwa mjukuu wake wa kwanza. Leo abarikiwe na kila mtu isipokuwa bibi yake? Thubutu! Akaingia jikoni, akachukua nazi iliyowekwa kwa ajili ya chatini na konzi ya mchele, akashuka miguu mitupu.

"Sulochana!" Vatsala alishtuka. "Umepotea njia?"

"Njia hii naijua, wifi. Nimezaliwa nyumba ile pale."

"Na watu watasema nini?"

"Waanze sasa hivi, nami niwasikie."

Wanawake wa kijiji waliokuwa wakifua waliacha kufua.

"Mama, tafadhali," Mihir alinong'ona. "Usituharibie wikendi."

"Nenda kaogelee, mwanangu. Nani kakuzuia?"

"Anayemjazia mto pindo ni mwanamke mwenye mume," Vatsala akasema, amevimba kama andazi.

"Na mto wenyewe mumewe nani?"

"Bahari. Kila mtu anajua."

"Basi bahari ikija kulalamika, niite."

Mmoja wa wale wafuaji alicheka, akajiziba mdomo. Sulochana akaingia majini mpaka magotini, sari na yote. Akaiachia nazi, akamwaga mchele, akaugusa mto kisha paji lake. Maji yakabeba sadaka yake bila kuuliza habari za mumewe.

Vatsala akamgeukia Ketaki upesi. "Njoo, mwanangu, nikujazie mimi kabla balaa halijatufika."

Ketaki, ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema neno, alirudi nyuma hatua moja. Kisha akanyoosha mkono, akaitoa nazi kwenye sinia la Vatsala, akampa Sulochana. Akalikunjua pindo la sari yake kwa mikono miwili.

"Nijazie wewe, mama."

"Ketaki! Mtoto akipatwa na jambo?"

"Shangazi, mimi nikitapika usiku ni yeye anayenishika kichwa. Mbona hapo hamkusema mkono wake una nuksi?"

Mihir aliyatazama mawe.

Hapo ndipo Sulochana alipoogopa, kwa mara ya kwanza siku ile. Kwa wifi yake alikuwa jogoo. Sasa aliishikilia nazi tu. Je, kama wanayosema juu ya mkono wake ni kweli? Alimtazama Ketaki, na Ketaki hakulikunja pindo. Sulochana akaiweka nazi pindoni. Akaweka mchele, kitambaa na bangili. Akampaka manjano mashavuni na doa la unga mwekundu kwenye paji, doa ambalo mjane hapakwi.

Desturi inamtaka aliyepakwa naye ampake mwenzake. Ketaki alichovya kidole katika ule unga mwekundu.

"Usithubutu," Vatsala alisema.

Ketaki akambandika Sulochana doa kwenye paji lililokuwa tupu tangu msiba. Machozi yalimtoka Sulochana, akayafuta mashavuni tu, asiliguse doa. Kisha akapanda ngazi polepole, akipita katikati ya wafuaji, uso juu, apate kuonwa na kila mtu.