Ng'ombe wa Upepo Kwenye Barafu

Mume wangu Wolter hajawahi kuumwa. Atakuambia mwenyewe kabla hujamaliza kummiminia kahawa. Kwa hiyo Jiska, binti yetu wa miaka saba, alipoanza kukohoa kila baada ya michezo, Wolter alishatoa hukumu: uvivu.

"Akikimbia mbona hakohoi?" alisema. "Anangoja tumalize, muda wa kukusanya mipira ufike. Acha maigizo, Jiska!"

Mtoto akaacha kusema. Akawa anasingizia viatu, soksi, tumbo, chochote isipokuwa kifua. Hilo liliniuma sana. Nikampeleka hospitali, na Wolter akaja shingo upande, kushuhudia mtoto akiumbuka.

Hospitali ikatutuma kwenye ukumbi wa barafu, watu wanakoteleza kwa viatu vya chuma. Pembeni, wastaafu wakiteleza na kuzunguka, alilala ng'ombe mkubwa wa plastiki aliyejazwa upepo, mweusi kwa mweupe. Kipimo ndicho hicho: mtoto arukeruke juu ya ng'ombe kwenye baridi ile, mdomo wazi, moyo umwende mbio, kisha apulize kwenye mashine ya kupima pumzi.

"Watoto wadogo hawapendi kukimbizwa," alieleza Daktari Nienhuis, aliyevaa kofia ya sufu. "Ila ng'ombe hakuna anayemkataa."

Jiska alirukaruka kwa adabu, kama yuko sebuleni kwa bibi yake.

"Ruka, mama! Kwa nguvu! Tunataka kifua kibane!" daktari akamhimiza Jiska.

"Daktari gani huyu anamwombea mtoto augue?" Wolter akauliza.

"Binti, usituonee haya!" akapaza sauti mzee mmoja akipita. "Hata mimi nimo kwenye foleni!"

Wolter uvumilivu ukamwisha. Akavua viatu, akapanda. "Niangalie mimi! Hivi ndivyo tunavyoruka kwetu!" Masikio ya ng'ombe yakapepea. Jiska akacheka, akaruka juu kuliko baba yake, wakapiga kelele wote wawili mpaka daktari alipowasimamisha.

Jiska akapuliza. Mashine ikaonyesha hana neno.

"Si niliwaambia?" Wolter alisema, jasho likimtoka. "Mzima kama mimi!"

"Ngoja, baba. Mirija ya pumzi hubana ukishasimama," daktari akasema.

Wolter akafungua mdomo acheke. Kikatoka kikohozi, kisha mluzi mwembamba kutoka kifuani. Akajishika kwenye pembe ya ng'ombe, nayo ikanywea mkononi mwake. Hapo Jiska naye akaanza kukohoa, akapuliza tena, na daktari akapiga makofi.

"Nguvu ya pumzi imeshuka! Safi sana!"

"Ni kweli?" Jiska aliuliza, akihema. "Sijifanyi?"

"Ni kweli kabisa, mwanangu, hii ni pumu. Njoo uvute dawa."

Nililia palepale, mbele ya wastaafu, wala sikuona aibu.

"Na wewe, baba?" daktari akamgeukia Wolter.

"Mimi? Ni... soksi," Wolter akasema kwa shida. "Zinabana."

Jiska akamtazama. "Acha maigizo, Baba."

Wolter akakaa chini. Mluzi ulisikika mpaka kwangu.

"Shuleni nilikuwa golikipa," akasema hatimaye, bila kututazama. "Miaka yote. Golikipa hakimbii."

Sikuwahi kulisikia hilo tangu tuoane.

"Jiska, mwanangu, nisame—"

"Puliza kwanza," Jiska akasema, akamsogezea mashine.