Bolti ya Nusu Inchi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kuhutubia bolti.

Mkutano ulikuwa uani kwangu, Mombo, saa nne asubuhi, jua kali. Bolti zote za Morisi, gari dogo la mwaka hamsini na tisa nililoachiwa na marehemu baba, zilikuwa zimeketi mkekani kwa safu. Gari lenyewe lilisimama nyuma yake bila bolti hata moja, kwa heshima tu.

Mlangoni lilikuwa na X nyekundu. Hiyo si ya ndotoni. Ofisi ya mtaa iliipaka kweli wiki iliyopita: gari lisilotembea miaka kumi na moja ni chuma chakavu, litazolewa Ijumaa. Ijumaa ni leo.

Afisa aliyeipaka naye alikuwepo. Alikuwa mtu hadi kiunoni. Kushuka chini alikuwa kopo la rangi. Ameshika kikombe cha chai.

"Likifika Soni, kule juu mlimani, kabla chai hii haijapoa, ni gari," akasema. "Lisipofika, ni chuma."

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

"Kwenye kikombe."

Nikasoma. Kweli imeandikwa.

Baba alinifundisha kwamba bolti iliyoshika kutu hailazimishwi, inashawishiwa. Basi nikashawishi. Hapo sina mpinzani. Shule niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia vitumbua, lakini mtaa mzima niliwahi kuulaza mbele ya greda, na greda likarudi lilikotoka. Nikazieleza bolti nani alitunyima bomba la maji mwaka themanini na nne, na shati alilovaa siku hiyo. Zikasimama. Moja moja zikaenda kwenye matundu yake na kujikaza.

Ikabaki moja mkekani. Ile ya nne ya pampu ya maji, iliyolika pembe zote hata spana haiishiki, mviringo kama punje ya choroko. Bila hiyo maji hayakai, na bila maji hakuna injini inayoupanda mlima wa Soni.

"Ndugu bolti," nikasema, "aliyekula pembe zako ni fundi Mbaruku. Nimemtaja kwenye kila mkutano. Hata msibani nimemtaja."

"Ulimwona?"

"Nakumbuka."

"Shati la mwaka themanini na nne unalikumbuka. Spana ya siku ile je?"

Boneti ikafunguka. Mbaruku akatoka humo, anajifuta mikono kwa tambara.

"Mwenyekiti," akasema. Mimi si mwenyekiti wa chochote, ndivyo anavyonikebehi. "Naona leo umepata watu wa kukusikiliza."

Akaweka spana ya nusu inchi mkekani. "Hii nilikuachia, nikaenda kuswali. Niliporudi nikakuta umeshaanza kunitukana."

Mfuko wangu wa nyuma ukawa mzito. Nikatoa kilichomo: spana namba kumi na tatu, ya milimita. Morisi amezaliwa kwa inchi. Kumi na tatu inamwingia karibu sawasawa, na hiyo karibu ndiyo inayokula pembe.

Chai ilikuwa inatoa mvuke mwembamba sana.

Mimi sijawahi kuomba radhi mkutanoni. Huwa naombwa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa na haraka. Mbaruku hakuwepo."

"Kwa kipaza sauti," ikasema bolti.

Kipaza sauti kilikuwepo. Nikarudia. Milima ya Usambara ikalirudisha neno mara sita, kwa sauti yangu, pamoja na tarehe. Kila liliporudi, bolti ikaota pembe moja. Ilipofika sita ikaingia tunduni. Mbaruku akaikaza kwa robo mzunguko.

Nawasha. Gari linakohoa, linafikiri, linawaka. Mbaruku yuko kushoto kwangu, miguu juu ya dashibodi.

"Gia ya pili, Mwenyekiti. Usimtese mzee."

Tunapanda. Kona zinajinyoosha kutupisha. Waliolala mbele ya greda wamejipanga kando ya barabara, bado wamelala, wanapiga makofi. Kwenye maporomoko ya maji baba amesimama, anajaza rejeta kwa kofia yake.

"Umechelewa," anasema.

"Nilikuwa nabishana, baba."

"Najua. Ulisikika mpaka huku."

X inabanduka mlangoni, inaruka kama kunguru, inatua kifuani kwa afisa, ambaye tayari yuko Soni na kikombe chake. Nakichukua. Nakunywa. Inaunguza ulimi.

"Andika," namwambia. "Gari."

Anaandika.

Nikaamshwa na kiwiko cha mke wangu.

"Baba Hiza, umelala na nini? Kimenichoma mbavu."

Akapapasa chini ya shuka, akatoa bolti. Ile ya pampu, ambayo nyundo, moto na matusi havikuitoa kwa miaka kumi na moja. Ilikuwa na pembe sita, kali, na bado imelowa maji ya pampu.

Nikavaa shati.

"Hata chai hujanywa. Unakwenda wapi?"

"Kwa Mbaruku."

Mama Hiza akaketi kitandani. "Mbaruku yupi?"

"Huyo huyo," nikasema. Ulimi ulikuwa bado unawaka. "Ana spana ya nusu inchi. Na mimi ananidai neno."