Aliyesimama Kwenye Mzunguko Mkubwa

Kila Alhamisi jioni, kabla ya mtu yeyote kurusha ngumi, wanafunzi wa Bi Duni walipiga deki. Walijipanga ukutani, wakainama na matambara yenye maji, wakasukuma hadi ukuta wa pili, wakarudi. Ukumbi ulikuwa nyuma ya baa ya Wareno pale mtaani Rosettenville na zamani ulitumika kwa harusi. Sakafu yake ya mbao ilikuwa na madoa ya mvinyo ambayo hakuna tambara lililowahi kuyatoa. Bi Duni alijua hayatoki. Aliwaambia wasugue hivyo hivyo.

Masika alikuwa mgeni wa mambo hayo. Alikuwa mwanamke wa Butembo, msusi, mama wa mtoto mmoja, Chloé, na tangu azaliwe hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Aliingia karate kwa sababu ya mikono yake. Tangu saluni yake ivunjwe siku ya maandamano ya kuwafukuza wageni, mikono ilikuwa ikimtetemeka anaposuka, na rasta zilitoka zimepinda. Bi Duni, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akisukwa nyuma ya pazia kwa ajili ya stara, aliisikiliza mikono ile kichwani mwake kwa kitambo, halafu akasema, "Njoo Alhamisi. Uje na suruali pana."

Saluni aliyofanyia kazi sasa haikuwa yake. Ilikuwa ya Arlène, mwanamke wa Lubumbashi, na ilitazamana na ile ya zamani ya Masika, ng'ambo ya barabara. Siku ile wavunjaji walibeba viti vya Masika, vioo, draya, hata sinki la kuoshea nywele, lakini kwa Arlène hawakugusa chochote. Arlène alilia kuliko Masika mwenyewe. Kesho yake alisogeza meza, akampa nafasi karibu na dirisha, akamwambia, "Mama Chloé, hapa ni kwako." Masika alimshukuru kwa ufagio. Kila asubuhi alifagia saluni nzima kabla mwenyewe hajafika.

Kwa Bi Duni walijifunza kata. Kata ni mapigano unayopigana peke yako: unageuka, unazuia, unapiga, unageuka tena, kwa mpangilio usiobadilika, na hao unaopigana nao hawapo.

"Kata zetu zote zinaanza kwa kuzuia," Bi Duni alisema. "Hakuna hata moja inayoanza kwa ngumi."

"Na nikishazuia?" Masika aliuliza.

"Unapiga."

"Sasa, mwalimu, haiko kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja," alisema Bi Duni.

Katika kata ya kwanza adui wa kwanza hutokea kushoto, wa pili hutokea nyuma, wa tatu huja kwa mbele, naye unamrudisha hatua kwa hatua hadi mwisho wa ukumbi. Hapo unatoa ukelele mmoja kutoka tumboni, kisha unafanya mzunguko mkubwa, karibu duara zima, kumkabili wa nne. Hapo ndipo Masika alipopotea kila mara. Alizunguka akajikuta anautazama mlango, au choo, au nyuso za wenzake waliokuwa wamegeukia kwingine. Nyumbani alijaribu jikoni akaishia kulikabili friji.

"Unapotea kwa sababu humwoni mtu," Bi Duni alimwambia. "Unazunguka tu kama pangaboi. Mwone kwanza, halafu geuka."

Masika akaanza kuwaona.

Wa kwanza alikuwa Mandla, muuza nyanya wa pale kwenye robot, taa za kuongozea magari. Alitokea kushoto, aproni yake ya kijani kiunoni, tofali katika mkono mmoja, akarusha ngumi kwa mkono wa pili. Masika akazuia. Wa pili alikuwa muuza vocha za simu wa karibu na spaza, kile kiduka cha mtaani. Wa tatu alikuwa mwanamume mwenye kofia ya sufu ambaye Masika hakumjua kabisa, ingawa kofia aliikumbuka. Wote watatu walikuwemo siku ile ya kuvunja. Wakasimama kila mtu mahali pake, wakihema.

Bi Duni aliwatazama miguuni. "Viatu," alisema.

Wakarudi mlangoni, wakavua, wakainamisha vichwa kama ilivyo desturi ya kuingia. Mandla aliweka tofali lake kwenye kona, pamoja na chupa za maji za watu. Wanafunzi wengine wakasogea kidogo kuwapa nafasi.

Tangu hapo walikuja kila wiki. Mwanzoni walitokea sakafu ikiwa imeshapigwa deki, jambo ambalo Bi Duni hakulikubali, kwa hiyo nao wakapewa matambara. Masika alijikuta akisukuma lake bega kwa bega na mwenye kofia ya sufu, asijue kama inafaa kumsalimia. Alimsalimia. Mtu yule akaitika.

Jambo lililomchanganya zaidi ni kwamba Bi Duni alianza kuwarekebisha. Alimshika Mandla kiunoni, akamsukuma goti mbele kwa mguu wake. "Usipige kwa bega. Piga kwa kiuno. Nguvu inatoka chini."

"Mwalimu," Masika alisema, "unamufundisha kunipiga?"

"Anakupiga vibaya. Ukizuia pigo baya utajifunza nini?"

Masika alilifikiria swali hilo wiki nzima bila kulipatia mwisho. Siku moja alipokuwa akichagua nyanya, Mandla mwenyewe aliligusa jambo lao, kwa Kiingereza chake cha sokoni.

"Eish, dada. Ile saa ya Alhamisi ndiyo saa yangu ya wateja. Watu wanatoka kazini. Huwezi kuniita Jumapili?"

"Pole," Masika alisema. "Haitegemei mimi. Ni ratiba ya mwalimu."

"Sharp," alisema Mandla, naye akaongeza nyanya moja juu ya fungu.

Nyuma ya meza mke wake alikuwa ameketi kwenye kiti chekundu, chenye tundu la kuegemezea shingo. Masika alikijua kiti hicho. Palipokuwa pamechanika alikuwa amepashona mwenyewe, kwa uzi mweusi kwa kuwa mwekundu ulikuwa umekwisha. Mwanamke yule akampungia mkono. Masika naye akapunga, akavuka barabara, na ndipo alipojiuliza kwa nini yeye ndiye aliyesema pole.

Nafasi ya wa nne ilibaki tupu, naye akaendelea kupotea kwenye mzunguko mkubwa. Kisha ikaja Alhamisi ya baridi kali, watu wakitoa moshi mdomoni ndani ya ukumbi. Masika alimrudisha nyuma mwenye kofia ya sufu, akatoa ukelele, akazunguka, na mguu wake ukatua mahali pake barabara, kwa sababu palikuwa na mtu.

Alikuwa Arlène. Alivaa aproni ya saluni, kitana cha mkia amekichomeka kwenye nywele, viatu ameshavua. Hakukunja ngumi. Alinyosha mkono mbele, kidole kimoja, kikamwelekea Masika usoni.

Masika alisimama. Hakujua pigo la namna hiyo linazuiwaje.

"Kunja ngumi," Bi Duni alimwambia Arlène.

"Hapana, mwalimu," Arlène alijibu kwa adabu. "Mimi sikupiga mtu. Nilionyesha tu."

Bi Duni alikitazama kiwiko chake. "Basi onyesha vizuri. Nyosha kiwiko." Kisha akamgeukia Masika. "Pigo ni pigo. Zuia."

Masika akazuia. Mkono wa Arlène ulikuwa na joto na mafuta ya nywele, yale yale waliyokuwa wakichota pamoja kwenye kopo moja tangu asubuhi.

Nyumbani alimweleza mumewe, Parfait, mlinzi wa jengo moja Braamfontein. Parfait alikuwa akivua buti.

"Alionyesha nini?"

"Mlango wetu."

Parfait alikaa na buti moja mkononi. "Labda ni mtu wa kufanana naye."

"Nilimugusa."

"Tuhamie Troyeville, basi. Kwa kaka yangu."

"Na Troyeville nani anatujua? Na kazi je?" Masika alisema, lakini alisema kama mtu anayeuliza kweli, akitaraji kujibiwa.  Parfait akavua buti ya pili.

Asubuhi Masika alifagia saluni kama kawaida. Arlène alipofika, Masika alimwacha atundike koti, ndipo akamuuliza. Arlène hakukana. Alizungumza akiwa amekielekea kioo, akikoroga dawa ya nywele kwenye bakuli.

"Walisimama mlangoni kwangu. Mimi Kizulu ninasema, unajua. Nikawaambia hapa ni kwa muke wa mtu wa hapa. Hawakuamini. Wakaniuliza, sasa saluni ya wageni iko wapi? Nikaonyesha."

"Ulijua niko ndani?"

"Nilijua Chloé hayuko. Chloé alikuwa masomoni. Hiyo nilifikiria, kweli."

Masika alingoja hasira. Kilichokuja kilikuwa kitu kingine, kama hali ya mtu anayeingia chumbani kwa haraka kisha akasahau alichofuata. Kabla hajakikumbuka, mteja aliingia akataka rasta ndefu za kufika kiunoni, na rasta za namna hiyo husukwa na watu wawili. Wakamsuka, Arlène upande wa kulia, Masika upande wa kushoto, wakakutana utosini. Mikono ya Masika haikutetemeka hata chembe. Hilo lilimchanganya kuliko yote. Alitamani itetemeke.

Ngumi ya kata, ikiwa mbele yako kuna mtu, husimama kwenye ngozi. Hiyo ndiyo sheria Bi Duni aliyoirudia kuliko zote: irushe kwa nguvu zako zote, na uisimamishe kwa nguvu zako zote. Alhamisi iliyofuata Masika aliifuata sheria hiyo kwa Mandla, kwa muuza vocha na kwa mwenye kofia. Alifanya mzunguko mkubwa, akakizuia kidole cha Arlène, akarusha ngumi, ikasimama kwenye kitambaa cha aproni. Akaendelea na kata hadi mwisho, akarudi mahali alipoanzia, akainama. Wote wakainama. Kisha akamfuata Arlène alipokuwa amesimama, akampiga mdomoni.

Arlène alikaa chini. Mandla akamletea maji.

Bi Duni alimwonyesha Masika ukuta. Masika akapiga magoti mbele ya ukuta, akakalia visigino, akakaa hivyo hadi miguu ikafa ganzi.

"Uliniambia nikishazuia ninapiga," alisema akiutazama ukuta.

"Kata ilikuwa imekwisha. Ulishainama."

"Alistahili, mwalimu."

"Sikusema hakustahili."

"Sasa kosa langu ni nini?"

Bi Duni alikaa naye kando, magoti chini vilevile, ingawa magoti yake yalikuwa ya mtu mzima na yalilia alipoyakunja. "Ngumi ile hukuituma wewe. Ilikwenda yenyewe," alisema. "Mimi nakufundisha mwaka mzima ili mkono wako usiende mahali bila wewe. Hilo tu. Mengine mimi siyajui."

Masika aligeuza uso kumtazama. Alitumaini kuwa mwalimu anaficha jambo, lakini uso wa Bi Duni ulikuwa wa mtu aliyekwisha kusema alichonacho. Nyuma yao Arlène alikuwa akifuta damu yake sakafuni kwa tambara.

Kesho yake Arlène aliwaambia wateja kuwa amejigonga mlangoni. Wateja wakampa pole. Masika alimpa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na hakumwomba radhi, naye Arlène hakuomba. Wakafungua saluni. Kiti cha karibu na dirisha kikabaki cha Masika.

Mwezi wa nane karatasi zilibandikwa kwenye nguzo za umeme, kutangaza maandamano mengine. Watu walizisoma wakiwa wanangoja basi. Alhamisi hiyo Arlène alifunga saluni mapema, kwa sababu angeitwa tu ukumbini, na mara moja alikuwa ameitwa nywele za mteja zikiwa bado mkononi, mteja akalalamika. Wakatoka pamoja. Kwenye robot walisimama kungoja magari.

"Arlène," Masika alisema, "wakirudi, utaonyesha tena?"

 Taa iliwaka kijani, wakabaki wamesimama, ikarudi nyekundu. Mdomo wa Arlène ulikuwa umepona, imebaki alama ndogo.

"Niko na watoto, Mama Chloé," alisema. "Nitaonyesha."

Masika aliitikia kwa kichwa. Alijitafuta ndani yake aone kama yeye, akiulizwa mlangoni na watu wale, Chloé akiwa nyuma yake, angenyosha kidole au asingenyosha. Alitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa ukuta wa giza akitafuta swichi. Hakuipata.

Mandla alikuwa akifunika nyanya zake kwa turubai. Masika akamuuliza kama na yeye atakwenda kwenye maandamano hayo. Mandla alisema hajui bado. Ikiwa siku hiyo biashara itakuwa nzuri, hatakwenda. Akamwachia mkewe meza, akawafuata.

"Twendeni," alisema. "Yule mama hapendi watu wanaochelewa."

Taa ikawaka tena. Wakavuka, Arlène upande mmoja, Mandla upande mwingine, na Masika katikati yao, kwa sababu hapo ndipo palipobaki nafasi.