Kondo la Kondoo

Mkunga mstaafu hakutulia tangu alfajiri. Mara aingie zizini, mara atoke, mara achungulie dirishani, utadhani ni yeye aliyeshikwa na uchungu. Kondoo wake wa kwanza alikuwa anazaa, na alimtaka mtoto huyo kama aliyembeba tumboni mwenyewe. Basi kondoo alipojifungua salama salimini, Mkunga akashikwa na kiherehere, akafanya yaleyale aliyoyafanya wodini miaka thelathini. Akamnyakua mtoto, akampaka ayodini kitovuni, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kunukia, akamkausha kwa taulo hadi akawa mweupe pee. Kisha akamrudisha kwa mama yake, kifua mbele.

Mama akanusa. Akanusa tena. Akampiga kichwa, mtoto akabiringika hadi ukutani.

"We mama, una wazimu?" Mkunga alimaka. "Si mwanao huyo!"

Ikafika saa tatu mtoto hajaonja hata tone la dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza yenye kinga na joto la kumwokoa. Kila akisogelea kiwele anakula teke. Mkunga akamtia kidole mdomoni, akakuta baridi. Alijua adhuhuri ikimkuta hivyo, basi tena. Akampigia simu dada wa mumewe, aliyekulia na kondoo.

Wifi akaja mbiombio, akamwinamia mtoto, akakunja pua.

"Haa! Kondoo gani huyu ananukia bibi harusi?"

"Nimemwogesha tu, wifi."

"Umemwogesha! Mama anamjua mwanawe kwa harufu, nawe umeifuta yote. Kondo la nyuma liko wapi?"

"Nimelifukia. Usafi, wifi."

"Kalifukue."

"Nikafukue kondo?"

"Kondo la kondoo hilo, si la waziri! Kimbia!"

Mkunga akafukua kwa mikono, magoti matopeni, akijitukana kimoyomoyo. Aliporudi, wifi alikuwa amembana yule mama pembeni na kumkamua dang'a kidogo kikombeni. Wakamdondoshea mtoto mdomoni, tone kwa tone. Kisha wakalipangusa kondo udongo, wakampaka nalo kichwani, mgongoni, mpaka chini ya mkia, wakamweka mbele ya mama yake.

Mkunga akawa haishi kuzunguka, mara huku, mara kule.

"Tulia basi, unamtisha!" wifi alimfokea.

Kondoo akanusa. Akarudi nyuma hatua moja, akanusa tena. Halafu akatoa mlio mdogo wa kooni, akaanza kumlamba mwanawe. Mtoto akajikongoja hadi kwenye kiwele, akadaka chuchu, na mkia ukaanza kutikisika.

Wifi akaangua kicheko. Mkunga hakucheka. Alikuwa anawaona wale wazazi wa wodini, jasho bado linawatiririka, wamenyoosha mikono, naye anapita na watoto wao kwenda kwenye karai, akisema: subiri, mama, kwanza nimsafishe.

"Walikuwa wananililia, wifi," alisema, akaketi palepale kwenye majani makavu. "Nami nawaambia wasubiri."